Windows ya Biti 32, DOSBox-X, dosemu2, Mashine Pepe au FreeDOS: Uchague Ipi kwa Programu ya Zamani ya DOS?

Katika ghala moja la dagaa lililo jirani na Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, magunia yanayoshushwa kutoka Ukerewe na visiwa vya mbali zaidi huandikishwa kwa programu ya DOS, mfumo wa zamani wa kuendesha kompyuta, iliyotungwa kwa lugha ya Clipper katika miaka ya 1990. Skrini ni ya bluu, maandishi ni meupe, na kipanya hakina kazi yoyote pale. Karani huandika namba ya mwenye mzigo, kisha uzito, kisha hubonyeza F10 bila kutazama kibodi, na gunia la pili huwa bado halijatulia kwenye mizani yeye akiwa amekwisha kumaliza la kwanza. Anayeiona programu hiyo kuwa ya kutupwa hajawahi kusimama mlangoni mwa ghala saa moja asubuhi, wapagazi wakiwa wamepanga foleni.

Kompyuta iliyokuwa imebeba programu hiyo ilipokufa, mwenye ghala alinieleza haja yake kwa maneno machache: "Fundi, nataka iwe vilevile, ila binti akiwa anaandika mizigo, mimi niweze kutoa ripoti bila kumwinua kwenye kiti."

Sentensi hiyo ina madai mawili yanayovutana. Kuwa "vilevile" ni suala la utangamano, yaani programu ikute mazingira yanayofanana na yale iliyozaliwa nayo. Kuandika na kutoa ripoti kwa pamoja ni suala la kufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja, jambo ambalo mazingira yale hayakulijua kabisa. Njia zote ninazozilinganisha hapa hutofautiana katika namna zinavyopatanisha madai hayo mawili, na mimi huzipima kwanza kwa swali moja ambalo wengi hulisahau: madirisha mawili yakigusa faili moja la data, nani huamua zamu?

Ugumu ulianzia wapi

DOS iliyotoka pamoja na IBM PC mwaka 1981 ilikusudiwa kwa mtu mmoja na programu moja. Prosesa ya 8088 iliweza kufikia megabaiti 1 ya kumbukumbu, na kwa kuwa kilobaiti 384 za juu zilitengwa kwa ajili ya skrini na vifaa, programu ziliachiwa kilobaiti 640. Programu iliyopakiwa ilijiona kuwa ndiyo mwenye nyumba: iliandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya skrini, ilizungumza na mlango wa printa bila kuomba ruhusa, na ilipokuwa ikingoja kitufe kibonyezwe ilizunguka bila kupumzika, ikiuliza maelfu ya mara kwa sekunde kama kuna kitufe kilichoguswa.

Prosesa ya 80386 ya mwaka 1985 ndiyo iliyoleta nafuu, kwa sababu iliweza kujigawa katika 8086 nyingi za kuigiza, kila programu ikidhani ina mashine yake peke yake. Juu ya uwezo huo zilijengwa DESQview ya Quarterdeck, Windows 3.0 ya mwaka 1990 na OS/2 2.0 ya IBM ya mwaka 1992, na watu waliweza kufungua madirisha kadhaa ya DOS bila moja kuliangusha jingine. Hata hivyo, prosesa za biti 64 za ukoo huohuo zilipoanza kuingia sokoni mwaka 2003, uwezo huo haukuwekwa katika hali yake ya biti 64. Ndiyo maana Windows ya biti 64 hukataa programu ya DOS papo hapo, na hakuna kitufe cha kuiruhusu katika mipangilio, hata ukitafuta usiku kucha. Kuanzia hapo mtu ana njia mbili tu: abaki kwenye mfumo wa biti 32 au DOS yenyewe, au atumie programu inayoiga mashine ya zamani.

Windows ya biti 32

Windows ya biti 32, kuanzia familia ya NT hadi Windows 10, ina sehemu inayoitwa NTVDM ambayo huipa kila programu ya DOS mashine yake. Kwa upande wa kufanya kazi nyingi, sijaona njia rahisi zaidi. Unafungua madirisha mawili au matano, yote yanaona diski ileile, na Windows yenyewe ndiyo inayosimamia ufunguaji wa mafaili: dirisha la kwanza likilifungua faili kwa umiliki wa peke yake, la pili linakataliwa, likiomba kufunga rekodi moja tu, rekodi hiyo inafungwa kweli. Kwa programu za hifadhidata za dBASE, Clipper na FoxPro hilo ndilo jambo kubwa.

Utangamano wake ndio unaopungua mwaka hadi mwaka. Tangu Windows Vista, viendeshaji vya skrini vimeacha kuruhusu DOS kujaza skrini nzima, hivyo programu zinazochora grafu au picha hushindwa, ingawa zile za maandishi matupu huendelea vizuri. Programu zilizojipa kumbukumbu kubwa kwa utaratibu wa VCPI hazikubaliki kabisa, kwa kuwa utaratibu huo huidai prosesa nzima na Windows haiwezi kuiachia. Katika Windows 10 sehemu yenyewe huja ikiwa haijawekwa, mpaka uiongeze. Zaidi ya hayo, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Kompyuta za mitumba zenye mfumo huo bado zinapatikana hapa Mwanza, na kwa ofisi isiyoiunganisha mashine hiyo na intaneti naona ni jibu halali la miaka michache. Ofisi inayotaka mashine hiyohiyo isome barua pepe ningeikataza.

DOSBox na jamaa zake

DOSBox ilianza mwaka 2002 kwa ajili ya michezo, na nia hiyo inaonekana katika kila sehemu yake. Haitegemei uwezo wowote wa prosesa. Huiga prosesa, kadi ya sauti, skrini na saa kwa programu tupu, na kwa hiyo hufanya kazi kwenye Windows ya biti 64, Linux na kompyuta za Apple. Kwa utangamano wa picha na sauti haina mpinzani wa karibu. Kwa data za ofisi ni habari nyingine, na hapa nina jambo la kusimulia kwa urefu.

Kabla mimi sijaitwa, kijana mmoja alikuwa amewawekea ghalani DOSBox ya kawaida, akafungua madirisha mawili juu ya folda moja. Siku ya kwanza kila mtu alifurahi. Siku ya pili karani alikuja na karatasi mbili mkononi, akaniambia, "Fundi, ripoti ya mzee imepungua magunia kumi na moja, na mimi nimeyaandika mwenyewe." Nilikaa kwenye kiti chake tukaandika gunia moja la majaribio katika dirisha la kushoto, kisha tukalitafuta katika dirisha la kulia. Halikuwapo. Tukatoka kwenye programu katika dirisha la kulia, tukabonyeza Ctrl na F4, ambavyo huiamuru DOSBox isome upya orodha ya mafaili, tukarudi ndani: gunia likaonekana. Tukaandika mengine mawili, moja kila upande, na safari hii faharasa yenyewe, yaani orodha ambayo programu huitumia kutafuta rekodi, ikavurugika, jina la mwenye mzigo likawa linaleta uzito wa mtu mwingine.

Sababu ilikuwa hii. Clipper, isipoambiwa vingine, hufungua faili kwa umiliki wa peke yake, na mwandishi wa programu hakuwa na haja ya kubadilisha hilo kwa kuwa katika DOS halisi hapakuwa na mwingine wa kugombana naye. DOSBox ya kawaida haiupeleki umiliki huo kwa Windows, na programu ikiomba kufunga rekodi hujibiwa kwamba huduma hiyo haipo. Madirisha yote mawili yakajiona mwenye nyumba. Kila moja likashika kurasa zake za faharasa katika kumbukumbu, na kila moja likaandika juu ya kazi ya mwenzake. Magunia yenyewe kwa sehemu kubwa yalikuwa salama ndani ya faili kuu la data, na kuijenga upya faharasa kuliyarudisha karibu yote, lakini hesabu ya jioni ile ilirudiwa kwa mkono kutoka kwenye daftari la mlangoni.

DOSBox-X, ambayo ni tawi la DOSBox, imechukua mahitaji ya ofisi kwa uzito zaidi. Ina mpangilio wa kufunga mafaili, inaelewa majina marefu ya mafaili, na inaiga printa ya aina ya Epson, kwa hiyo amri za uchapishaji za programu ya zamani hugeuzwa kuwa ukurasa unaoweza kwenda kwenye printa yoyote ya leo. Kwa mtu mwenye kompyuta mpya ya Windows ambaye hataki kuugusa mfumo mwingine, ningependekeza hii. Ipo pia vDos, iliyoandikwa kwa ajili ya programu za maandishi za ofisini peke yake. Nayo huheshimu kufuli za mafaili na huchapisha kupitia Windows, ila usiiletee programu inayochora.

Linux na dosemu2

Wengi hapa huikwepa njia hii kwa sababu ya neno Linux, na nadhani wanajinyima. DOSEMU ya awali ni ya mwaka 1992, na dosemu2 ni mrithi wake. Badala ya kuiga kila kitu, huiachia prosesa halisi itekeleze maagizo ya programu pale inapowezekana. Kwenye mashine za biti 64 hutumia KVM, uwezo uleule unaotumiwa na mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayowaka ndani ya kompyuta halisi, na pale usipopatikana huiga kwa programu. Maombi ya DOS ya kufungua na kufunga mafaili hutafsiriwa kuwa kufuli za Linux, hivyo msimamizi wa zamu ni mfumo wenyewe.

Faida yake ya pili iliniteka zaidi. Programu ya maandishi chini ya dosemu2 inaweza kukaa ndani ya terminali ya kawaida, yaani dirisha la maandishi, na kwa hiyo kompyuta moja ghalani ikawa ndiyo yenye programu na data, huku watumiaji wengine wakiingia kwa ssh, njia ya kuitumia kompyuta kwa mbali kupitia mtandao, kutoka kwenye kompyuta dhaifu za aina yoyote. Karani yuko mlangoni, mwenye ghala yuko ofisini nyuma, na faili ni moja kwenye diski moja. Folda haipiti mtandaoni, kwa hiyo waya ukichomoka katikati ya kazi, programu na mafaili yake hubaki mahali pamoja. Inabidi tu kikao kiwekwe chini ya tmux au mwenzake, programu inayokiweka kikao hai muunganisho ukikatika, ili mtu arudi alipoachia.

Upungufu wake ni kwamba sauti na picha nzito haziendi kwa uhakika wa DOSBox, usanidi unafanywa kwa kuandika kwenye faili la maandishi, na mtu wa kukusaidia ukikwama si wa kumpata kila mtaa. Kwa ofisi isiyo na mtu hata mmoja aliye tayari kujifunza amri chache, siipendekezi.

Mashine pepe, na FreeDOS juu ya chuma

Mashine pepe kama VirtualBox, yenye FreeDOS au MS-DOS ndani yake, ni sanduku lililofungwa vizuri. Unaweza kuhifadhi hali yake nzima kabla ya kujaribu jambo, ukaharibu, ukarudi. Lakini VirtualBox yenyewe haileti folda za pamoja kati ya sanduku na kompyuta mwenyeji kwa DOS, kwa hiyo data kwa kawaida hutolewa kwa picha ya diski au kwa mtandao, na sanduku mbili haziwezi kushirikiana faili bila kujengewa mtandao wa zamani ndani yake. Naiona inafaa kwa kuhifadhi programu na kuijaribu, si kwa kazi ya kila siku ya watu wawili.

FreeDOS, mradi wa DOS huria ulioanzishwa na Jim Hall mwaka 1994, ndiyo njia iliyo karibu zaidi na mashine ya asili. Toleo 1.4 lilitoka mwaka 2025, kwa hiyo si kitu kilichoachwa. Mlango halisi wa printa, mlango wa mizani, kifaa cha kufuli kinachochomekwa nyuma ya kompyuta: vyote huviona moja kwa moja. Lakini programu ni moja kwa wakati mmoja, basi. Na kompyuta nyingi za sasa zimeondoa BIOS ya zamani, yaani programu ya kuwashia kompyuta, ambayo FreeDOS inaihitaji ili iwake.

Kasi, umeme na printa

Kuna programu zinazokataa kompyuta kwa sababu ni ya kasi kupita kiasi. Programu nyingi za Turbo Pascal hupima mwanzoni ni mizunguko mingapi inaingia katika mpigo mmoja wa saa, ambao ni kama milisekunde 55, kisha hugawanya hesabu hiyo kwa 55. Kwenye prosesa za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 jibu halienei tena katika biti 16, na programu hufa kabla hata ya kuonyesha menyu, ikiandika "Runtime error 200". Chini ya Windows ya biti 32 au FreeDOS kwenye mashine ya kasi mara nyingi itakubidi urekebishe faili la programu lenyewe. Katika DOSBox-X unapunguza tu mizunguko, yaani kasi ya prosesa inayoigwa, kwa kubonyeza vitufe viwili, na programu inafunguka. Hapa uigaji mtupu unaishinda mashine ya kweli, na si mara moja wala mbili nimeona watu wakidhani faili lao limeharibika wakati dawa ilikuwa vidole viwili.

Suala la umeme halipewi nafasi katika maelezo mengi yanayotoka nchi nyingine, lakini hapa ukikatika, tunabaki na betri ya kompyuta mpakato. Ule mzunguko wa kuuliza kitufe usio na mapumziko huifanya programu ya mwaka 1992 imalize betri huku karani akinywa chai. Kila njia ina kinga yake, ila lazima uiwashe: katika Windows ya biti 32 kuna kipimo cha kuhisi utulivu katika sifa za njia ya mkato, katika DOSBox-X weka mizunguko maalumu badala ya ya juu kabisa, na elfu kumi hadi ishirini zinatosha kwa hifadhidata, katika dosemu2 kuna mpangilio wa hogthreshold, na katika FreeDOS ndani ya mashine pepe kuna programu ndogo ya FDAPM. Sikiliza feni. Ikivuma wakati hakuna anayeandika, bado hujaiweka sawa.

Kwa uchapishaji, ghala lile lina Epson LX-300 ya karatasi zenye nakala ya kaboni, na haibadiliki kwa kuwa mwenye mzigo lazima aondoke na nakala. Kwa printa ya aina hiyo, dosemu2 huipeleka kazi kwenye foleni ya Linux bila kuibadilisha, na maandishi hutoka kama yalivyokuwa. DOSBox ya kawaida haina mlango wa printa kabisa. Nashukuru jambo moja dogo, kwamba Kiswahili hakina herufi za alama, hivyo majina ya wateja hayakuharibika popote, tofauti na hifadhidata za Kifaransa ambazo hutaka ukurasa sahihi wa herufi.

Ningechagua nini, kwa nani

Mtu mmoja, kompyuta moja mpya ya Windows, programu moja ya maandishi: DOSBox-X, au vDos kama hakuna grafu. Maktaba yenye katalogi ya CDS/ISIS ya UNESCO, au mtafiti mwenye mafaili ya Epi Info 6, programu ya takwimu za afya ya mwaka 1994, anayetaka tu kuyasoma na kuyahamisha: DOSBox-X tena, kwenye nakala, na aanze kuyatoa data hizo katika muundo wa kisasa mapema. Programu yenye kifaa cha kufuli au kadi ya pekee ndani ya kompyuta: FreeDOS juu ya mashine ya zamani iliyo nzima, na mashine ya pili ya akiba kabatini. Watu wawili au zaidi juu ya faili moja: dosemu2 kwanza, Windows ya biti 32 isiyo na intaneti kama hakuna wa kuishughulikia Linux.

Kabla ya kukubali njia yoyote kwa watu wawili, fanya jaribio hili juu ya nakala ya data. Fungua programu katika madirisha mawili, ingia kurekebisha rekodi moja katika la kwanza na usihifadhi, kisha jaribu kuirekebisha rekodi hiyohiyo katika la pili. Dirisha la pili likikataa au likingoja, zamu inasimamiwa. Likikuruhusu bila neno, usiwape watu.

Ghalani tuliweka dosemu2. Jaribio hilo lilipofanyika, dirisha la mwenye ghala lilikataa hata kuingia, kwa kuwa programu bado inadai umiliki wa peke yake, na hilo halibadiliki bila msimbo wake wa asili, ambao hakuna anayeujua uliko. Kwa hiyo ripoti yake sasa husomwa kutoka kwenye nakala ya data ambayo Linux huitoa kila nusu saa, karani akiwa amerudi kwenye menyu na mafaili yamefungwa. Ripoti inaweza kuchelewa kwa magunia ya nusu saa ya mwisho, na saa ya nakala imeandikwa juu ya kila ukurasa. Alipoiona mara ya kwanza aliuliza kwa nini si ya dakika hii hii. Nilimwonyesha zile karatasi mbili za siku ya magunia kumi na moja, ambazo karani alikuwa bado amezihifadhi kwenye droo.